Watoto wetu waujue msitu wa Karura

Mhariri,

Jumamosi iliyopita niliwapeleka wanangu msitu wa Karura. Kifungua mimba wangu, mwenye miaka tisa, alisimama kando ya maporomoko ya maji, viatu vimejaa tope, akaniuliza: "Baba, kumbe hapa bado ni Nairobi?" Swali hilo limenikaa moyoni. Leo pangekuwa majumba tu kama mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wasingesimama kidete mwaka 1999 kuzuia msitu usinyakuliwe na wajenzi, hata wakajeruhiwa. Nasi wazazi, likizo ikifika, twakimbilia bembea za plastiki madukani! Tubebe chapati na chai ya chupa, tuwaonyeshe watoto mbega wenye mikia myeupe. Ila viingilio vya misitu na mbuga za jiji vipunguzwe wakati wa likizo. Mwenye watoto wanne hukwama langoni.

Mzazi,
Githurai, Nairobi