Mwani kwa samaki wa kufugwa sio mzaha

Mhariri,

Hii habari ya kulisha samaki wa kufugwa kwa mwani mdogo, ule wa kuonekana kwa hadubini tu, watu wanaichukulia mzaha, eti samaki atalishwa uchafu wa kijani. Jamani! Hiyo omega-3, yale mafuta mazuri kwa afya tunayoyasifia kwenye samaki, inaanzia kwa mwani huohuo, vidudu vya majini vinaula, samaki wadogo wanakula vidudu, alafu sisi tunawavua hao wadogo tunawasaga unga na kuwakamua mafuta tukalishe wenzao wa kufugwa, si bora tukate hiyo safari?

Kuna aina inaitwa Schizochytrium, yenyewe wala haihitaji jua, inakuzwa kwenye matangi gizani kwa kulishwa sukari na mafuta yake yamejaa DHA, aina mojawapo ya hiyo omega-3.

Ila tusidanganyane, gharama ipo. Klorela, aina nyingine ya mwani mdogo, ina ukuta mgumu wa seli, usipouvunja kwanza virutubisho vingi vinapita tu tumboni, na mwani wa mabwawa ya wazi ukiuvuna ni maji matupu, kuuchuja na kuukausha kunakula umeme balaa. Kwenye mafuta naona mwani unaweza kupambana, kwenye protini kushindana na soya bei bado ngumu.

Msomaji wako