YAH: MALALAMIKO YA WAPANGAJI KUHUSU MASAFA YA UMEME WA JENERETA LENU, SHANGANI, MTWARA

Kwa Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Kwa heshima zote, hii ni barua ya tatu. Mkataba mliuandika nyinyi, kifungu cha umeme wa akiba mnakijua, na ada yake mnaikata kila mwezi bila kusahau, kwa hiyo hatutawasomea. Tunadai mlichoahidi: volti 230 na masafa ya hezi 50, yaani mawimbi 50 ya umeme kila sekunde. Volti tunazipata. Hezi hatuzipati.

Tumepima usiku 9 ambao umeme wa gridi ulikatika na jenereta likawashwa, kwenye soketi za ghorofa ya kwanza na ya nne, kwa multimita yenye kipimo cha masafa. Kuanzia saa 1 jioni hadi saa 6 usiku masafa yanashuka hadi hezi 45.5, huku volti zikisoma 231. Alfajiri mzigo ukipungua yanarukaruka kati ya 48 na 53, na mlio wa injini unasikika hadi barabarani ukipanda na kushuka. Jenereta lenu ni la poli 4, yaani ncha 4 za sumaku, kwa hiyo likitoa hezi 50 linazunguka mara 1,500 kwa dakika. Hezi 45.5 maana yake ni mizunguko 1,365. Injini imelemewa, na fundi yeyote aliyesimama karibu nayo angelijua hilo kwa sikio tu.

Vipimo hivyo viliandikwa vizuri kwenye karatasi na kuletwa ofisini kwenu. Ofisa wenu wa mapokezi hakuisoma. Aliichukua akaiweka chini ya kikombe chake cha chai, akasema: "Hezi ni mambo ya redio. Sisi tunauza umeme." Kisha akamgeukia bibi wa ghorofa ya pili, ambaye friza yake ya pweza imekufa, akamwambia akanunue stabilaiza.

Tuanze na hiyo stabilaiza, maana ushauri huo umewagharimu watu fedha. Stabilaiza hurekebisha volti tu. Masafa yanapita ndani yake kama yalivyoingia, na transfoma yake nayo inachemka. Mota ya friji hutegemea uwiano wa volti na masafa. Volti zikibaki 231 na masafa yakashuka hadi 45.5, usumaku ndani ya chuma cha mota unapanda kwa asilimia kama 10. Chuma kinashiba, mkondo unaongezeka bila kazi kuongezeka, na ziada yote inageuka joto. Papo hapo kompresa inazunguka polepole, inasukuma gesi kidogo, friza haifikii baridi yake, kwa hiyo haipumziki. Ovalodi, swichi ya kuikinga kompresa na joto, inakata, inarudi, inakata, tik, tik, usiku kucha, mpaka koili zinaungua. Kompresa ya bibi huyo ilipofunguliwa mafuta yake yalikuwa meusi na yananuka kuungua, na pini zake za umeme zilikuwa zinasoma hadi kwenye bodi, yaani koili zimegusana na chuma cha nje. Hapo hakuna cha kutengeneza, ni kubadilisha.

Na kwa nini volti zisishuke pamoja na masafa? AVR ya jenereta, yaani kidhibiti chake cha volti, ina kinga ya masafa ya chini: injini ikilemewa, inapunguza volti makusudi ili mota za watu zisiungue. Kwenu kinga hiyo haifanyi kazi. Ama skrubu yake imegeuzwa ili taa zisififie na wapangaji wasilalamike, ama haikuwekwa sawa tangu mwanzo. Vyovyote iwavyo, mmeficha ugonjwa na mmetuachia madhara.

Televisheni, chaja na taa za LED hazijali masafa, pasi na birika pia hazijali, ndiyo maana ofisa wenu anaona kila kitu kinawaka akadhani hakuna tatizo. Lakini pampu ya maji ikipata hezi 45.5, uwezo wake wa kupandisha maji unabaki asilimia 83, na simtanki la juu halijai. Inverta za wapangaji zinaukataa umeme wenu na kuhamia kwenye betri, betri zinaisha huku jenereta linanguruma. Saa za oveni zinazohesabu mawimbi ya umeme zinachelewa zaidi ya dakika 5 kila saa.

Kazi ya kufanya si kubwa. Zimeni kile chumba baridi mlichokiunganisha kwenye jenereta hilohilo msimu wa korosho, mtazame mizunguko. Ikirudi 1,500, mzigo umezidi na chumba hicho kitafutiwe jenereta lake. Isiporudi, badilisheni filta za dizeli na mmwage maji kwenye kitenganishi. Ule mrukoruko wa alfajiri ni wa gavana, kidhibiti mwendo cha injini, irekebishwe. Kisha rudisheni kinga ya AVR, na mfunge rilei, swichi ya kujiendesha yenyewe, ya kukata umeme masafa yakishuka chini ya 47.5 au yakipita 52.5 kwa zaidi ya sekunde 5. Giza halijawahi kuunguza friji ya mtu.

Tunaomba haya yafanyike ndani ya siku 14, na kompresa 2 zilizoungua zilipwe.

Hatutaacha kulirudia la siku ile. Bibi alimjibu kwa upole, "Mwanangu, stabilaiza ninayo, imeungua pamoja na friza." Ofisa hakuinua macho. Karatasi ilikuwa chini ya kikombe, ina duara la chai juu ya namba 45.5. Watu wanne walikuwa kwenye foleni nyuma yake, na mbele yao wote akamwambia mwanamke wa umri wa mama yake, "Basi ndiyo bahati yako, bibi," akaita mwingine. Pweza wake walikuwa wameshatupwa. Barua yetu ya kwanza ilikuwa imefika ofisini kwenu wiki tatu kabla ya friza hiyo kufa, na ndani yake tuliandika kwamba itakufa.

Kwa hiyo siku 14 ni nyingi. Tunataka siku 7. Tunataka kompresa 2, stabilaiza iliyoungua, thamani ya pweza waliooza, na ada ya jenereta ya miezi mitatu irudishwe kwa kila mpangaji. Tunataka pia ofisa huyo aende mlangoni kwa bibi akamwombe radhi kwa mdomo wake, si kwa simu.

Siku ya 8 asubuhi tunasitisha ada ya jenereta, nyumba zote, na vipimo hivi vinapelekwa Tume ya Ushindani na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Nakala tunazo, na hazina madoa ya chai.

Wenu,
Wapangaji wa ghorofa ya kwanza hadi ya nne
Shangani, Mtwara