Kabla ya kuniambia ni mawazo, chukueni pini

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mafinga. Kwa miaka 7 kidole changu cha pete, mkono wa kushoto, kilininyima raha. Hakikuvimba wala kutoa usaha. Ila asubuhi za Juni na Julai, nikigusa tu maji ya bomba, maumivu yalipanda hadi begani, naacha ndoo nakaa chini nalia. Hata satini ikipita juu ya ukucha niliruka.

Kituo cha kwanza nilipewa dawa za baridi yabisi. Cha pili eksirei haikuonyesha kitu, nikaambiwa, "Mama, punguza mawazo." Jirani akasema ni mdudu wa kidole, nichovye kwenye maji ya moto yenye chumvi (hayo angalau yalinituliza). Shemeji akasema nimerogwa na mafundi wenzangu, na mwaka wa sita nilianza kumwamini.

Mwaka jana daktari mmoja kijana aliona kijidoa cha bluu chini ya ukucha. Akaniuliza kama nina pini. Fundi na pini! Nikaichomoa kwenye kola. Akabonyeza ukucha kwa kichwa cha pini, taratibu: hapa je? Hapana. Hapa? Hapana. Hapa? Nikamsukuma bila kukusudia. Kisha akanifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo ili kuzuia damu, akabonyeza palepale. Sikusikia kitu.

Akasema huo ni uvimbe wa glomasi, si saratani. Hutokea kwenye vifundo vidogo vya mishipa ya damu vinavyosaidia ngozi kupambana na joto na baridi, na vidoleni vimejaa. Ndiyo maana nilikuwa naumwa na maji ya bomba.

Nilichomwa ganzi, ukucha ukatolewa, akanionyesha kitu chekundu kidogo kuliko punje ya choroko. Miaka 7 kwa kitu kile! Ameniambia nirudi maumivu yakianza tena, maana kikibaki kipande huota upya. Ukucha umeshaota, una mfereji katikati, nausamehe. Julai hii nimefua mablanketi kwa mikono yangu.

Ombi langu ni kwa matabibu na wauguzi wetu wa huku kwenye baridi: mgonjwa akisema anaumia sehemu moja tu ya ukucha, na baridi ndiyo inamwamshia maumivu, jaribuni kichwa cha pini kwanza. Kama pini hakuna, piteni kwangu, ninazo paketi nzima.

Fundi cherehani,
Mafinga, Iringa