Chungwa la kijani si bichi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie chungwa. Nimezaliwa Muheza, nimekulia chini ya michungwa, na huu ni mwaka wa kumi na moja nauza matunda hapa Tanga mjini. Kutoka shambani kwa mjomba wangu, upande wa Mkuzi, hadi kwenye meza yangu hazifiki kilomita 50. Chungwa lililochumwa jana jioni, leo asubuhi liko sokoni na jani lake bado limeshika kwenye kikonyo. Lakini kila msimu, kati ya Juni na Agosti, machungwa yakiwa yameshona mpaka mengine yanaozea chini ya miti, nawaona watu wa mji huu huu wamebeba mifuko ya machungwa ya njano yaliyokuja kwa meli kutoka nchi za mbali. Nikiwauliza, jibu ni moja: yenu mabichi.

Julai mwaka jana alifika mezani kwangu dada mmoja na mtoto mgongoni. Alilishika chungwa, akalibonyeza, akalirudisha. "Mama, bado haya." Sikubishana naye. Nilichukua kisu nikalimenya kwa kuzungusha, ganda likatoka utepe mmoja mrefu, nikalikata kwa juu nikampa. Alipolikamua mdomoni maji yalimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mtoto naye akanyoosha mkono. Aliondoka na machungwa ishirini, na tangu siku hiyo ni mteja wangu.

Nataka wasomaji wako wajue jambo ambalo mjomba wangu analijua bila kwenda shule ya kilimo: ganda la chungwa hugeuzwa rangi na baridi, utamu hauhusiki. Usiku wetu wa Pwani una joto, kwa hiyo tunda hukomaa na kuiva huku ganda limebaki kijani, pengine na wekundu kidogo ubavuni. Kwenye nchi zenye majira ya baridi, usiku ukipoa, ule ukijani unapotea. Hata huko, tunda lililoiva likiwa bado na ukijani huingizwa kwenye vyumba vyenye gesi ya ethilini ili ganda ligeuke njano liuzike. Ndani haliongezewi utamu wowote. Ukitaka kulijua chungwa la Muheza lililoiva, liweke kiganjani: liwe zito kuliko unavyolitazamia, na ganda liwe laini, lenye kung'aa, vitundu vyake vimejaa. Likiwa jepesi na ganda limekwaruza, liache.

Hapo lazima niseme ukweli wa upande wetu pia, kwa sababu wateja hawakuanza kutushuku bure. Aprili ya mwaka juzi nilipokea mzigo kupitia dalali, machungwa ya kwanza kabisa, bei yake juu. Nilitamani kuwa wa kwanza sokoni. Yalikuwa makavu, machungu. Nilijipa moyo kwamba yataiva kwenye tenga, na haikutokea, kwa sababu chungwa si embe wala ndizi. Embe lililokomaa ukilifunika linaiva, lakini chungwa likishatoka mtini utamu wake umeishia pale ulipofika. Watu waliyarudisha mezani kwangu mmoja mmoja, na fedha yao niliwarudishia. Nilipoteza mtaji wa wiki tatu. Kilichoniuma zaidi ni bibi mmoja aliyeniambia kwa upole kwamba siku hizi anamnunulia mjukuu wake juisi ya boksi tu.

Kwa nini tunda lichumwe kabla ya wakati? Kwa sababu mkulima ana shida kabla ya msimu. Januari, sare na madaftari yanapobana, michungwa ina vitunda vidogo kama gololi. Mnunuzi anakuja, anazunguka shamba, anakisia kwa macho, anahesabu fedha taslimu palepale. Wengine huuza mapema zaidi, mti ukiwa na maua. Shamba likishauzwa hivyo, mwenye kuamua siku ya kuchuma si mkulima tena, na huyo mnunuzi anaitafuta bei ya Aprili. Julai inapofika, mzigo unashuka wote kwa pamoja na bei inaporomoka. Nimemshuhudia mjomba akitajiwa shilingi 40 kwa chungwa moja, naye akiwa amepalilia mwaka mzima.

Wazee wa mkoa huu wanajua maana ya kutegemea mnunuzi wa mbali. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ya kwanza duniani. Zilipokuja kamba za plastiki, bei ikaanguka huko huko ilikokuwa inapangwa, mashamba yakageuka mapori na vibarua wakabaki kambini bila kazi. Mkonge haukuliwa nyumbani. Chungwa linaliwa, na walaji wako hapa hapa.

Sina ugomvi na wafanyabiashara wanaopitisha machungwa mpakani Horohoro kwenda Mombasa na Nairobi. Bila wao hasara ingekuwa kubwa zaidi. Ila mkulima mwenye mteja mmoja tu hana sauti, na mteja wa pili tunaweza kuwa sisi. Shule ya bweni ikimwambia mkulima wa Kicheba kwamba kuanzia wiki ya kwanza ya Julai inataka machungwa 500 kila Jumatatu, ahadi hiyo itampa ujasiri wa kumkatalia mtu wa Januari. Mwaka jana nilialikwa kwenye kikao cha kilimo, hapa hapa mjini, mwezi wa Julai. Kila meza iliwekwa juisi ya boksi kutoka nje ya nchi. Nilisikitika sana, maana nje ya ukumbi ule, hatua chache tu, kijana alikuwa anasukuma mkokoteni wa machungwa.

Kwa hiyo naziomba shule, hoteli, wapishi wa shughuli na wanaoandaa vikao wapange manunuzi yao kwa msimu: machungwa katikati ya mwaka, maembe na mananasi mwishoni mwa mwaka. Wauzaji wenzangu nawaomba tukatae mzigo wa Aprili, hata kama meza itakaa na ndizi peke yake kwa wiki kadhaa. Nimeyafanya hayo mwaka huu na haikuwa rahisi, kodi ya meza haingoji msimu. Mkulima wangu amekubali kutochuma mpaka tulionje pamoja. Tutalionja wiki ya mwisho ya Mei, na likiwa tayari nitaweka kibao mezani chenye jina la kijiji na siku lilipochumwa.

Muuza matunda,
Ngamiani, Tanga