Barua kwa Mwanaidi kuhusu bendi ya nyumba

Mpendwa ndugu yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji na watoto. Picha za barua ya halmashauri inayokuweka bendi C, yaani daraja lako la kipaumbele kwenye foleni ya nyumba, nimezipata na nimezisoma zote. Usiwaandikie kitu kwanza. Kuna mambo mawili ambayo wenzetu wengi hapa England huyachanganya, na miezi inapotea bure: kupinga uamuzi, na kulalamikia utendaji.

Kukuweka bendi C ni uamuzi. Chini ya Sheria ya Nyumba ya 1996, sehemu ya 6, una haki ya kuomba upitiwe upya. Mwongozo wa serikali unapendekeza siku 21 tangu kupata barua, ila ukomo wenyewe umeandikwa katika sera ya ugawaji wa nyumba ya halmashauri yako. Kila halmashauri lazima iwe nayo, na kwa kawaida iko kwenye tovuti yao. Isome sehemu ya vyumba na sehemu ya bendi, maana hoja yako itasimama juu ya maneno yao wenyewe.

Kwa ninavyoona, kosa liko kwenye hesabu ya vyumba. Ulipojiandikisha, mtoto wa kiume alikuwa na miaka 9 na dada yake 6. Walio chini ya miaka 10 huhesabiwa kulala pamoja hata wakiwa mvulana na msichana, ndiyo maana mlionekana mnatoshwa na vyumba viwili. Sasa ametimiza 10, na kwa kanuni ya kawaida anahitaji chake. Mmepungukiwa chumba kimoja, lakini kompyuta yao haitambui hilo mpaka ujaze fomu ya mabadiliko ya hali na kuambatanisha cheti cha kuzaliwa. Ijaze leo.

Wamekuandikia pia kwamba hamjasongamana kisheria. Hicho ni kipimo kingine, cha Sheria ya Nyumba ya 1985, kinachohesabu hata sebule kuwa mahali pa kulala na mtoto wa mwaka 1 hadi chini ya 10 kuwa nusu mtu. Wachache sana hukifikia. Sheria ya 1996 inataka kipaumbele wapewe watu waliosongamana, na haiifungi halmashauri kwenye kipimo hicho. Waulize kwa maandishi ni kipimo gani cha sera yao walichotumia. Inaniuma kuona familia zinakata tamaa kwa sentensi hiyo moja.

Kuhusu pumu ya shemeji, barua ya daktari inayosema tu kwamba anaumwa haitasaidia. Iseme nyumba inamfanya nini: ukungu uko chumba gani, shambulio hutokea mara ngapi, dawa imeongezwa lini. Ukungu wenyewe ni suala la matengenezo. Hilo lalamikia kwa mwenye nyumba, na akishindwa, kama ni halmashauri au shirika la nyumba, liende Housing Ombudsman, mpokea malalamiko huru wa mambo ya nyumba.

Malalamiko ya utendaji ni kwa mambo kama nyaraka kupotea, fomu kukaa bila kushughulikiwa, au kurukwa kwenye nyumba uliyoiombea ukiwa wa kwanza. Hatua ni mbili: ya kwanza hujibiwa kwa kawaida ndani ya siku 10 za kazi, ya pili 20. Usiporidhika, nenda Local Government and Social Care Ombudsman, mpokea malalamiko huru dhidi ya halmashauri, kabla ya miezi 12 tangu ulipojua tatizo. Ni bure. Hawakupangii bendi, wanatafuta kosa la kiutendaji. Wakiliona, wanaweza kupendekeza tarehe yako ya kipaumbele irudishwe nyuma. Usiidharau tarehe hiyo, kwa sababu mara nyingi walio bendi moja hupangwa kwa aliyetangulia.

Omba pia nakala ya faili lako lote kwa haki ya kuona taarifa zako. Wana mwezi mmoja. Kama ulirukwa, humo utaona kwa nini. Pengine nyumba ilitengwa kwa wazee au kwa mtu wa kiti cha magurudumu, na hapo huna hoja.

Usiandike kwamba fulani amepata na wewe hukupata. Mwaka 2009, katika kesi ya Ahmad dhidi ya Newham, House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, ilisema mahakama zisiwe nyepesi kuingilia jinsi halmashauri inavyopanga vipaumbele, mradi mpango wake ni halali. Kwenda mahakamani kupinga uamuzi ni ndani ya miezi 3 na mapema iwezekanavyo, na hilo ni la wakili.

Nitumie rasimu ya ombi la kupitia upya kabla hujaipeleka, pamoja na kurasa za sera zinazohusu vyumba.

Wako,
Saada