Adapta haibadilishi umeme, wauzaji tuambieni ukweli

Kwa Mhariri,

Assalam aleikum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo linaniuma roho kila msimu wa harusi na kila watu wakifunga mizigo kwenda nje, nalo ni hizi adapta zinazouzwa kila duka la simu hapa Malindi. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, watu huniletea draya za nywele, pasi, blenda, zimeungua, na nikiuliza ilikuwaje jibu ni lile lile, "lakini fundi nilitumia adapta". Jamani adapta kazi yake ni miguu ya plagi basi. Inachukua plagi ya kigeni inaifanya iingie kwenye soketi yako, lakini umeme ulioko ukutani unapita vile vile ulivyo, haupunguzwi wala hauongezwi hata kidogo.

Na sisi watu wa Malindi tunaiamini adapta kuliko wenzetu kwa sababu ya Waitaliano, mimi naona ni hivo. Hawa tumekaa nao miaka mingi tangu zile siku za San Marco, kile kituo chao cha kurushia roketi kule Ngomeni, miaka ya 60, na kila aliyefanya kazi hotelini ama kwenye majumba ya wageni ameona kwa macho yake mgeni anatoa draya yake, plagi ina miguu mitatu ya duara imejipanga mstari mmoja, anaitia kwenye adapta, anakausha nywele, anaenda zake baharini, hakuna neno. Na kweli hakuna neno, manake Italia umeme wao ni volti 230 na wetu Kenya ni 240, mizunguko ya umeme kwa sekunde, ile inayoandikwa Hz, ni 50 kule na 50 hapa, kilichotofautiana ni plagi peke yake. Ujerumani, Ufaransa, karibu Ulaya yote ni hivo hivo. Sasa somo hilo tumelishika tukalipeleka dunia nzima, na ukifika Marekani na Kanada linavunjika, manake huko ni volti 120, na Japani ni 100 tu.

Wacha nieleze kinachotokea mtu akiletewa draya kutoka Marekani, manake hii ndio naiona zaidi, binamu yuwaja harusini na sanduku, ndani kuna draya mpya ya kumpa bibi harusi. Imeandikwa 120V, 1800W. Hapa inakutana na volti 240, mara mbili ya ile iliyotengenezewa, na volti zikiwa mara mbili mkondo nao unakuwa mara mbili, kwa hivo nguvu inayovutwa inakuwa mara nne, yani ile draya ya wati 1800 inataka kuvuta kama 7200. Ndani ya draya kuna waya mwembamba umezungushwa kama springi juu ya vibao vya maika, yale madini yanayostahimili joto, halafu kuna mota ndogo ya feni. Ukiwasha, mota inapiga kelele kali isiyo ya kawaida, waya unawaka rangi ya chungwa, harufu inakuja, halafu kimya. Nikiifungua huku kwangu nakuta ile fyuzi ndogo ya joto imekatika, maika imekuwa nyeusi, plastiki ya mdomoni imepinda. Hapo fyuzi imefanya kazi yake na mshukuru Mungu, manake isipowahi huo ni moto, na chumba cha bibi harusi mnakijua, leso zimetandazwa, chandarua, nguo za sherehe ya kesho, watoto wanaingia wanatoka. Na adapta nyingi za bei rahisi hazina fyuzi ndani kabisa, usidhani zitakulinda.

Kinyume chake ni mtu wa hapa anaenda Marekani na pasi yake ya wati 2000. Hio haitaungua, lakini kule itapata volti nusu, kwa hivo joto linashuka mpaka robo, kama wati 500, utasimama na hio pasi asubuhi nzima na kanzu haijanyooka. Draya nayo itakupulizia upepo wa vuguvugu. Umebeba uzito wa bure.

Dawa yake ni kusoma kile kibandiko, basi. Kila kifaa kimeandikwa, chaja imeandikwa mgongoni, draya imeandikwa kwenye mkono ama karibu na waya. Ukiona INPUT 100-240V 50/60Hz, hicho kinatumika popote duniani na hapo adapta inatosha, na karibu chaja zote za simu na laptop za sikuhizi ziko hivo ndio maana watu wanadanganyika, simu imechaji vizuri wanadhani na draya itakubali. Pasi za nywele nyingi mpya pia ziko hivo. Draya ni chache sana. Kuna draya za safari zenye kiswichi kidogo cha 125 na 250 unageuza na ncha ya bisibisi, hio ni nzuri lakini lazima ugeuze kabla ya kuchomeka, na ukirudi nyumbani uirudishe kwenye 250, wengi wanasahau hapo.

Mtu ataniambia basi nitanunua transfoma, ile ya kubadilisha volti. Sawa, lakini angalia wati zake. Transfoma iliyoandikwa 200W haibebi draya ya 1800W, itapata moto yenyewe kwanza. Ya kubeba draya inataka iwe ya wati 2000 na zaidi, ni dude la chuma zito, na bei yake unanunua draya mpya hapa mjini na chenji unabaki nayo. Vile vibadilishaji vyepesi vilivyoandikwa wati 1600 ni vya vitu vya joto tupu vya kutumia dakika chache, ukichomeka laptop ama kifaa chenye mitambo ya elektroniki unakiua.

Halafu kuna hii tabia ya biro, Mhariri, hii lazima niitaje. Mtu ana plagi ya miguu miwili ya duara, soketi yetu ya miguu mitatu haikubali, anachukua biro ama kijiti anasukuma lile tundu la juu mpaka vizuizi vya ndani vifunguke, halafu analazimisha ile plagi. Vile vizuizi vimewekwa makusudi mtoto asiingize kitu mle. Na ile miguu ya duara haikai sawa kwenye matundu ya mraba, inalegea, inapiga cheche, ukiweka draya ama birika la umeme pale soketi inayeyuka taratibu ndani ya ukuta na wewe huoni. Kwa kazi hio adapta ndio inafaa, ilitengenezwa kwa hio.

Wanaoenda Dubai, Oman, Qatar na Uingereza msiuziwe adapta bure, plagi zao ni kama zetu miguu mitatu ya mraba na volti zinakaribiana na zetu. Saudia plagi rasmi pia ni kama yetu na umeme ni volti 230, lakini mizunguko yao ni 60, na zamani kule walitumia volti 127 kwa hivo kwenye majengo ya zamani bado unaweza kukuta soketi za namna mbili. Mahujaji na dada zetu wanaoenda kazi huko waulize mwenyeji kabla ya kuchomeka.

Kwa hivo ombi langu ni kwa wenye maduka, hamna hasara mkimwambia mteja ukweli, bandikeni karatasi pale kwenye rafu HII HAIBADILISHI UMEME na muulizeni anaenda nchi gani na anataka kuchomeka nini. Mawakala wa Hija na umra, mkifanya semina mnafundisha watu ihramu na chanjo na mzigo wa kilo ngapi, hapo ongezeni dakika chache za umeme, wazee wanabeba birika zao za chai na hakuna aliyewaambia kitu.

Na mwenye ndugu Marekani ama Kanada anayefunga sanduku sahizi la harusi, mwambie apige picha ile sehemu yenye maandishi ya volti akutumie kwa WhatsApp kabla hajalifunga. Ukiona 120V 60Hz peke yake, mwambie airudishe dukani akurushie hizo pesa ununue hapa.

Fundi wa vifaa vya umeme,
Barani, Malindi