Kwako mdogo wangu, kuhusu wanasesere wa kaka

Mdogo wangu mpenzi,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu huzipokei, na kwa sababu wapo wengine walioachiwa na marehemu wao rafu zilizojaa wanasesere, ambao huenda wakanufaika kabla hawajafungua mifuko ya taka.

Unayajua mapenzi ya kaka. Alipohamia Cincinnati, Marekani, alifurahi kuliko sote, kwa kuwa ndiko ilikozaliwa Kenner, kampuni iliyotoa wanasesere wa Star Wars kuanzia mwaka 1978. Hata hivyo moyo wake ulikuwa kwa G.I. Joe, wanasesere wa askari wa kampuni ya Hasbro, wale wadogo wa mwaka 1982 wenye kimo cha karibu sentimita 10. Aliwanunua mnadani wakiwa wamekatika viuno, maana ndani ya kiwiliwili mna kipete cha mpira kinachoshikilia miguu, na mpira huo ukizeeka hukauka ukakatika. Alikuwa akifungua skrubu moja ya mgongoni, mwili ukaachana vipande viwili, akavisha kipete kipya kwenye ndoano ya miguu, kisha akafunga. Wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia tochi.

Kilichomuuma ni sura. Alituonyesha picha ya askari mweusi wa Hasbro wa mwaka 1965, ambaye kichwa chake kilikuwa kile kile cha askari mzungu, kimepakwa tu rangi ya kahawia. Ndipo akaanza kufinyanga mwenyewe: alikanda udongo wa epoksi, akajenga pua, midomo na mashavu kwa ncha ya sindano kabla haujakauka, akapaka rangi tabaka baada ya tabaka. Hivyo ndivyo alivyomtengeneza babu, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) aliyekwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovuka mto Chindwin mwaka 1944, pamoja na kofia yake ya ukingo mpana na lile kovu la kidevuni. Mama alipoonyeshwa alilia.

Siwezi kuisahau jioni ile tuliyotoka makaburini. Niliingia chumbani kwake nikakukuta umepiga magoti, unawazoa kwa viganja viwili na kuwatia kwenye mfuko mweusi, babu akiwa miongoni mwao, mkono umeshamtoka begani. Ukaniambia kwamba nyumba inatakiwa kukabidhiwa na kwamba hivyo ni vitu vya watoto. Najua ulikuwa umechoka. Ni wewe uliyemwogesha na kumlisha miezi yake ya mwisho, na kwa hilo Mungu akulipe. Lakini yule hakuwa kitu cha mtoto, alikuwa babu yetu.

Kwa hiyo nawasihi wenye msiba kama wetu: msitupe hata kadibodi. Krismasi ya mwaka 1977 Kenner ilikuwa haijamaliza kuwatengeneza wanasesere wake, ikauza bahasha ya kadibodi yenye hati ya ahadi kwamba wanne watatumwa kwa posta baadaye, na leo wakusanyaji wanaitafuta bahasha hiyo. Piga picha kila kitu, na waulize ndugu kwanza. Mimi ningeulizwa, ningewachukua wote usiku ule ule, kwani gari lilikuwa nje. Wanaosema ningekuzuia pale pale hawajui kwamba sebule ilikuwa imejaa waombolezaji, na mkubwa hazozani na mdogo wake mbele ya wageni wa msiba. Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu, na kwa sababu hiyo hiyo sikuja harusini kwako: nisingeweza kukaa nawe meza moja nikatabasamu mbele ya kamera huku nikiwaza mifuko ile imefikia wapi.

Shemeji ameniambia kwamba mfuko mmoja umebaki kwenye gereji yenu. Tafadhali usiupeleke popote. Nitakuja kuuchukua Jumamosi yoyote utakayotaja, na kama babu yumo, nitafutie na mkono wake chini ya mfuko, kwa sababu huo sina namna ya kuufinyanga kama alivyoufinyanga kaka.